Ndoo Moja, Nyuso Nne: Sayansi ya Rangi Inayotulia Sawasawa

Katika boma moja la Nyakiyumbu, upande wa Bwera wilayani Kasese, rangi ya nyumba inaweza kukutana na nyuso nne tofauti. Kuna nyumba kubwa ya matofali ya kuchoma iliyopigwa plasta ya saruji. Kuna jiko la nyuma la fito na udongo. Kuna milango na fremu za mbao za kalitusi, na kuna geti la bati. Mwenye boma akishauza kahawa au pamba yake, hununua ndoo ya lita 20, fundi huchovya brashi, na jioni kila kitu kinapendeza. Kipya kinyemi. Miezi michache baadaye ukuta wa mashariki umeonyesha mabaka, udongo wa jikoni unachungulia, fremu zina mistari, na rangi ya geti inabanduka kwa vipande.

Lawama humwendea fundi au mwenye duka. Mara nyingi hakuna aliyemdanganya mtu. Rangi haionekani peke yake: jicho hupokea kazi ya vitu vitatu kwa pamoja, yaani rangi, uso ulioibeba, na mwanga unaouangukia. Kila kimoja kinaweza kupimwa mapema, kabla fedha ya ndoo nzima haijatoka mfukoni, na vifaa vyake vimo nyumbani. Ili tujue cha kupima, tuanze na swali la msingi kabisa.

Rangi huufichaje ukuta?

Chukua kipande cha kioo, ukiweke juu ya gazeti, kisha utandaze juu yake chumvi laini ya mezani, tabaka jembamba tu la kutosha kuficha herufi. Watu wa Kasese ni majirani wa Ziwa Katwe, ziwa la kreta ambalo limetoa chumvi kwa vizazi vingi, kwa hiyo wanaijua vizuri chembe ya chumvi: ukiiinua moja kubwa na safi kuelekea dirishani, mwanga unapita. Haina weupe wowote. Basi weupe wa rundo la chumvi umetoka wapi?

Sasa dondoshea mafuta ya kupikia juu ya chumvi ile. Palipolowa, weupe unafifia na herufi za gazeti zinaanza kusomeka. Mafuta hayakuyeyusha chumvi. Chembe zote zipo palepale. Kilichoondoka ni hewa iliyokuwa katikati yao.

Maelezo yake ni haya. Mwanga husafiri hewani kwa mwendo wa kilomita 300,000 hivi kwa sekunde. Ndani ya chumvi hupungua hadi 194,000 hivi, na ndani ya mafuta ya kupikia hadi 204,000 hivi. Kila mahali ambapo mwendo wake unabadilika ghafla, sehemu ya mwanga hurudi nyuma na iliyobaki hupinda njia. Mabadiliko yakiwa makubwa, kinachorudi ni kingi. Katika rundo kavu la chumvi, mwanga hutoka hewani ukaingia kwenye chembe, ukatoka tena hewani, mara nyingi mno, hata karibu wote ukarudi machoni kabla haujalifikia gazeti. Hapo tunaona weupe. Mafuta yakijaza nafasi, mwanga hutoka 204,000 kwenda 194,000, tofauti ndogo, nao hupita hadi chini.

Rangi ya ukuta hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Ndani ya kopo kuna gundi, ambayo ikikauka hubaki kama utando mwangavu, na ndani ya gundi kuna unga. Mwanga hupita katika gundi kwa kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Unga ulio bora kwa kuficha ni titani dioksaidi, ulioanza kutengenezwa kibiashara mwaka 1916 huko Norway na Marekani. Ndani yake mwanga hupungua hadi 111,000 hivi. Hiyo ni tofauti kubwa, na chembe zake husagwa hadi mikroni 0.2 au 0.3, ukubwa unaotawanya vizuri zaidi mwanga tunaouona. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita.

Unga wa chokaa ni wa bei nafuu zaidi. Ndani yake mwanga huenda 187,000 hivi kwa sekunde, karibu sawa na ndani ya gundi. Kwa hiyo unga huo ukifunikwa na gundi ya kutosha, hauwezi kuficha kitu. Ukiachwa na hewa katikati ya chembe, unaficha. Ndiyo sababu chokaa iliyopakwa sasa hivi huonekana nyepesi na yenye maji, kisha weupe hujitokeza inapokauka: maji yameondoka, hewa imeingia. Mtu anayepaka chokaa kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar hawezi kuihukumu kazi yake chokaa ikiwa bado mbichi.

Hapa tunapata jaribio la kwanza, tena la bure. Paka rangi unayotaka kununua kwenye kipande cha ubao wenye mistari myeusi, uiache ikauke siku nzima, kisha imwagie maji. Ikiwa mistari iliyokuwa imefichika inarudi kuonekana, jua kwamba rangi hiyo ilikuwa inaficha kwa msaada wa hewa iliyobaki ndani yake. Ndani ya nyumba inaweza kufaa. Nje, kwenye mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba, ukuta utabadilika kila mawingu yanapofunguka.

Ubao mweusi na mweupe

Maabara za rangi hupima uwezo wa kuficha kwa kadi laini yenye nusu nyeusi na nusu nyeupe. Hupakwa rangi kwa unene mmoja, ikikauka hupimwa mwanga unaorudi kutoka upande mweusi, ukagawanywa kwa ule unaorudi kutoka upande mweupe. Jibu likifika asilimia 98, huhesabiwa kwamba kadi imefichika kabisa. Hesabu za jinsi mwanga unavyorudi kutoka kwenye tabaka la rangi zilitolewa na Paul Kubelka na Franz Munk mwaka 1931, na bado zinatumika.

Nyumbani, bandika karatasi nyeusi na nyeupe kando kwa kando juu ya ubao, kisha uzifunike zote kwa seloteipu pana ili zisinywe rangi. Weka kingo mbili za seloteipu, tabaka tatu kila upande. Mimina rangi katikati, halafu ivute kwa rula iliyonyooka inayopita juu ya kingo hizo. Rula itaacha tabaka la unene uleule kila safari, kwa hiyo ukilinganisha rangi tatu za maduka matatu, ulinganisho ni wa haki. Simama hatua tatu nyuma. Je, mpaka wa nyeusi na nyeupe unaonekana? Ukionekana, ngoja ikauke, paka mkono wa pili, yaani tabaka la pili, uangalie tena. Andika ni mkono wa ngapi ulioufuta mpaka.

Jaribio hili hubadilisha maana ya bei. Ndoo ya bei ya chini inayohitaji mikono minne inaweza kugharimu zaidi ya ndoo ya bei ya juu inayotosheka na miwili, na bado hujamlipa fundi siku za ziada.

Hesabu ya unene

Lita moja ni sawa na sehemu moja ya elfu ya mita moja ya ujazo. Ukiitandaza sawasawa kwenye mita 10 za mraba, unene wake mbichi ni mikroni 100, takriban unene wa karatasi ya daftari. Lakini sehemu kubwa ya rangi ya maji hupaa hewani. Ikiwa asilimia 35 tu ya ujazo wake ndiyo inayobaki, ukuta unavaa utando mkavu wa mikroni 35.

Sasa tuseme fundi ameongeza maji, sehemu moja kwa kila sehemu tano za rangi. Kinachobaki si asilimia 35 tena, ni 29 hivi. Brashi inateleza vizuri, ukuta unaisha haraka, na utando umepungua. Maji yana kazi yake katika mkono wa kwanza, kama tutakavyoona, lakini yanayoongezwa ili ndoo ifike mbali hupunguza uwezo wa kuficha.

Brashi nayo huacha mifereji. Mkono mmoja unaweza kuwa na mikroni 20 mahali pamoja na 50 hatua chache mbele, na macho huyaona yale ya 20. Mkono wa pili una mifereji yake, lakini ni nadra mfereji kuangukia juu ya mfereji, hasa ukibadilisha mwelekeo wa brashi. Kwa hiyo mikono miwili myembamba hutulia sawasawa zaidi kuliko mmoja mzito wenye kiasi kilekile cha rangi. Mkono mzito pia hukauka juu kabla ya chini, ukajikunja au ukateremka ukutani.

Jambo moja zaidi kuhusu ndoo: titani dioksaidi ina uzito wa karibu mara nne ya maji, kwa hiyo hutuama. Rangi isiyokorogwa hadi chini huanza ukuta kwa gundi na kuumaliza kwa unga. Koroga kwa mti mpana unaofika kwenye kitako cha ndoo, na kama una ndoo mbili, changanya zote katika pipa moja kabla ya kuanza, maana viwandani rangi ya toleo moja inaweza kupishana kidogo na ya toleo lingine.

Ukuta unaokunywa

Dondosha tone la maji kwenye bati: linakaa. Dondosha kwenye plasta: linatanuka na kuzama taratibu. Dondosha kwenye udongo mkavu: limenyonywa mara moja. Plasta, tofali na udongo vimejaa vijitundu, na kadiri kijitundu kilivyo chembamba ndivyo kinavyovuta maji kwa nguvu.

Rangi inapougusa ukuta wenye kiu, maji na sehemu ya gundi huvutwa ndani huku unga ukibaki juu, mkavu. Mahali hapo patakuwa na mwonekano uliofifia, na ukipitisha kiganja utapata vumbi jeupe. Hatua moja pembeni, fundi wa plasta aliwahi kusugua kwa mwiko wa chuma hadi vijitundu vikafungwa. Hapo gundi imebaki juu na rangi inang'aa. Ni ukuta mmoja, rangi moja na mtu mmoja aliyepaka, lakini una mabaka. Mkono wa tatu wa rangi ileile hautayaondoa upesi, kwa kuwa chanzo chake kiko chini.

Kinachohitajika ni kusawazisha kiu kwanza. Paka praima ya plasta, au mkono wa kwanza wa rangi ya maji uliozimuliwa kwa maji ili uzame na kufunga vijitundu. Kisha rudia tone la maji mahali kumi tofauti. Yakizama kwa muda unaokaribiana, ukuta uko tayari kupokea rangi yake kwa usawa.

Nyuso zetu, mmoja mmoja

Plasta mpya ya saruji ina tatizo jingine lisiloonekana. Saruji inapokomaa hutoa chokaa kali yenye pH ya 12 hadi 13. Rangi ya mafuta ikipakwa juu ya plasta mbichi, chokaa hiyo huyageuza mafuta kuwa sabuni. Rangi inakuwa laini, yenye kunata, na madoadoa. Ndiyo maana mafundi wazuri husubiri wiki nne au zaidi. Unyevu nao hupimwa kirahisi: bandika nailoni, ile ambayo Uganda huitwa kaveera, yenye ukubwa wa daftari, ufunge kingo zote kwa utepe wa gundi. Kesho yake ukikuta matone ndani, ukuta bado unatoa maji. Maji hayo yakiwa yamepita kwenye mchanga au tofali lenye chumvi, yataileta juu na kuisukuma rangi kwa nyuma. Unga mweupe wa namna hiyo ufagie ukiwa mkavu. Ukiuosha, maji yanaurudisha ndani.

Jiko la udongo lataka heshima ya pekee. Udongo hunywa mvuke asubuhi na kuutoa mchana, ukitanuka na kusinyaa. Rangi ya mafuta huufungia mvuke huo, nao ukitafuta njia unaibeba rangi pamoja na ngozi ya udongo. Chokaa inafaa zaidi, kwa sababu ina vijitundu na hukauka ikawa jiwe: chokaa iliyozimwa kwa maji hunyonya kaboni dioksaidi ya hewani na kurudi kuwa kaboneti ya kalisi, madini yaleyale iliyotokana nayo kabla ya kuchomwa tanuruni. Lowesha ukuta kidogo, paka mikono myembamba mingi, na uipe kila mkono nafasi ya kukauka. Uso wa udongo una mawimbi, kwa hiyo eneo lake halisi ni kubwa kuliko urefu mara upana. Usikisie: pima nusu lita, paka hadi iishe, kisha pima mita za mraba zilizofunikwa. Hiyo ndiyo hesabu ya kwenda nayo dukani.

Mbao hazihitaji maneno mengi. Ncha zilizokatwa hunywa zaidi kuliko ubavu, kwa hiyo zipewe praima mara mbili, na kila mkono ukikauka upitishwe msasa.

Bati halinywi chochote, kwa hiyo rangi hushikilia uso tu. Bati jipya lina mafuta ya kiwandani na juu yake kuna zinki. Ukipaka rangi ya mafuta moja kwa moja, asidi zilizo katika mafuta hukutana na zinki na kutengeneza sabuni katikati, na rangi hubanduka kama ganda. Jua nalo husukuma: bati la mita 3 likipanda kutoka digrii 20 hadi 60, hurefuka milimita 1.4 hivi. Osha kwa sabuni, suuza, kwaruza kwa msasa laini, kisha paka praima iliyotengenezwa kwa mabati ya zinki. Baada ya wiki moja, chora miraba midogo kwa wembe, bandika seloteipu, uing'oe kwa ghafla. Rangi ikitoka nayo, usiendelee na geti lililobaki.

Tahadhari kwa nyumba ya zamani: rangi za mafuta za miaka iliyopita zinaweza kuwa na risasi, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Usizisugue zikiwa kavu. Zilowanishe, kusanya mabaki yote, na watoto wakae mbali.

Jua la Ikweta ndilo mkaguzi

Ikweta inapita karibu na Kikorongo, pale barabara ya Mpondwe inapoiacha ile ya Kasese kwenda Mbarara. Kwa hiyo jua la Nyakiyumbu hupanda karibu wima. Saa ya Afrika Mashariki imefuata longitudo ya digrii 45 ilhali Kasese iko karibu na 30, na adhuhuri halisi ya jua hufika hapa karibu saa saba mchana.

Kwa mpaka rangi, hili ni jambo kubwa. Saa mbili asubuhi jua liko chini na linaupiga ukuta wa mashariki usoni. Kila nundu na shimo hupata mwanga sawa, na ukuta unaonekana umenyooka. Ikikaribia saa saba, jua linateleza juu ya ukuta uleule. Likiwa na pembe ya digrii 85 kutoka upeo wa macho, nundu ya milimita 1 hutupa kivuli cha zaidi ya milimita 11. Ukuta uliosifiwa asubuhi unaonyesha kila pigo la mwiko.

Ukuta wa kaskazini hupata jua lenyewe kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba, na adhuhuri ya Juni linauangukia kutoka juu kwa mshazari mkali. Ukuta wa kusini una zamu yake kuanzia Septemba hadi Machi. Anayepaka Desemba na kuukagua ukuta wa kaskazini kivulini hajaukagua bado. Ndani ya nyumba, tumia tochi: ishike kando kabisa ya ukuta, mwanga ukilala juu yake, usiku.

Ndiyo maana kuchagua mng'ao ni sehemu ya kutafuta usawa. Rangi inayong'aa hurudisha mwanga upande mmoja, hivyo mteremko mdogo wa plasta hubadilisha mahali mwanga unapokwenda na jicho linauona. Rangi isiyong'aa huutawanya kila upande na kusamehe mawimbi. Weka mng'ao kwenye milango na geti, palipo laini na panapooshwa. Kuta zenye mawimbi zipe rangi tulivu.

Jaribio lenyewe

Nunua kopo la lita moja la rangi unayoikusudia. Anza na ubao mweusi na mweupe. Kisha chagua mraba wa nusu mita kwa nusu mita kwenye kila aina ya uso: plasta ya mashariki, plasta ya kaskazini, jiko, fremu, bati. Kila mraba ugawe mara mbili, nusu ipate maandalizi tuliyoyaeleza na nusu isipate. Paka nusu zote mbili kwa brashi moja na kwa kiasi kilichopimwa. Uangalie asubuhi, karibu na saa saba, na jioni. Baada ya siku saba, mwagia maji, pitisha kiganja, fanya jaribio la seloteipu. Nusu iliyoandaliwa na ile isiyoandaliwa zitakuonyesha kwa macho yako kama fedha iongezwe kwenye rangi au kwenye praima na msasa. Kwenye kuta nyingi jibu litakuwa praima na msasa.

Mwite fundi atazame pamoja nawe, na malipo yapangwe kwa matokeo hayo: mikono mingapi kwa kila uso, maji kiasi gani, siku ngapi za kusubiri. Fundi aliyepewa muda wa kusubiri plasta ikauke hawezi kulaumiwa kwa haraka ya mwenye nyumba. Ubao wa majaribio uhifadhiwe stoo, nyuma yake paandikwe jina la rangi, namba ya toleo, tarehe, maji yaliyoongezwa na idadi ya mikono. Mvua ikichafua ukuta mmoja mwakani, atakayeitwa kuutengeneza, hata akiwa fundi mwingine, ataanza na vipimo vilivyo mkononi na hatalazimika kubahatisha kwa ndoo mpya.